Barua ya muamana: Mzigo wa Mara hufika salama, karatasi zikakwama benki

Kila msimu wa pamba unapofunguliwa, mazungumzo ya wafanyabiashara wa Bunda huwa juu ya bei ya mkulima, nafasi kwenye vinu na malori ya kusombea. Ni wachache wanaozungumzia karatasi. Hata hivyo, kwa muuzaji anayepeleka bidhaa nje ya nchi kwa utaratibu wa barua ya muamana, ambayo wengi huiita elsii, karatasi ndizo zinazolipwa. Pamba inaweza kuwa safi, uzito ukawa kamili na meli ikafika salama, lakini fedha zikakataa kutoka kwa sababu ya mstari mmoja katika hati ya shehena.

Tatizo hilo haliwakuti wageni wa biashara peke yao. Baraza la Biashara la Kimataifa, ICC, lenye makao yake mjini Paris, lilipotoa toleo jipya la kanuni za barua za muamana lilieleza kwamba uchunguzi uliofanywa sehemu mbalimbali duniani ulionyesha kuwa kiasi cha asilimia 70 ya hati zilikuwa zikikataliwa na benki mara ya kwanza zinapowasilishwa. Toleo hilo, linalojulikana kama Kanuni namba 600, lilianza kutumika Julai 1, 2007, likachukua nafasi ya namba 500 iliyotumika tangu Januari 1994.

Uzito wa jambo unaonekana kwa hesabu. Chukua mfano wa mchambuaji wa Bunda aliyeuza tani 100 za pamba nyuzi kwa mnunuzi wa Asia kwa dola 1.60 kwa kilo. Barua ya muamana ni ya dola 160,000. Mtaji wa kununulia pamba mbegu ameukopa benki, shilingi milioni 300 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na dhamana ni nyumba yake ya Musoma. Kila mwezi karatasi zinapozunguka baina ya benki na benki, riba inakula shilingi milioni 4.5. Miezi miwili ya kubishana juu ya hati inatosha kumaliza faida ya msimu, na mitatu huanza kuigusa nyumba.

BENKI HAIONJI, HAIPIMI

Barua ya muamana ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba itamlipa muuzaji kiasi fulani akileta hati zilizotajwa, zikiwa kama zilivyotajwa, kabla ya siku iliyotajwa. Kifungu cha 4 cha kanuni kinasema ahadi hiyo inasimama mbali na mkataba wa mauziano. Kifungu cha 5 kinaongeza kwamba benki hushughulika na hati na haishughuliki na bidhaa. Ofisa wa benki hajui ladha ya sangara wala urefu wa nyuzi za pamba, na kanuni hazimtaki ajue.

Mfano mmoja wa zamani unafundishwa hadi leo. Mwaka 1942, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya wauzaji wa karanga dhidi ya benki ya Hambro. Barua ya muamana ilitaja karanga za Coromandel, huku hati ya shehena ikitaja punje za karanga zilizobanguliwa kwa mashine. Katika soko la London kila mfanyabiashara wa karanga alijua kwamba majina hayo mawili ni ya kitu kimoja. Mahakama ikasema benki haina wajibu wa kujua lugha ya soko, na kwamba ilikuwa na haki ya kukataa kulipa.

Benki nazo zina sababu ya kuwa kali. Mwaka 1927 benki moja iliponzwa na herufi moja. Barua ilidai cheti cha ubora wa vanila kilichotolewa na wataalamu, kwa wingi, lakini kwa kosa la tafsiri ya simu ya maandishi benki ililipa kwa cheti cha mtaalamu mmoja. Muuzaji alikuwa mdanganyifu na sehemu kubwa ya shehena ilikuwa takataka. Benki haikuweza kumdai mnunuzi fedha hizo. Tangu hapo, ofisa mwenye kalamu nyekundu amekuwa akijilinda yeye mwenyewe kwanza.

Ukali huo una mipaka, na muuzaji anafaa kuijua. Mwongozo wa ICC unaofafanua kanuni unasema kosa la herufi lisilobadilisha maana si kasoro. Mfano unaotolewa humo ni neno la Kiingereza la mashine kuandikwa “mashine”, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hatalihesabu kuwa kosa hata kidogo. Lakini namba ya modeli ikiwa 123 mahali pa 321, hiyo ni kasoro.

Vivyo hivyo na anwani. Wilaya ya Butiama ilizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Musoma Vijijini, na kampuni ya huko inaweza kuwa na hati moja inayosema Musoma na nyingine Butiama. Wauzaji huhofia sana jambo hilo bila sababu. Kifungu cha 14 kinaruhusu anwani ya muuzaji au mnunuzi kutofautiana na ile iliyo kwenye barua ya muamana, mradi ni nchi ile ile. Simu na sanduku la posta havihesabiwi. Pa kuwa makini ni kwenye hati ya shehena, pale anapotajwa mpokeaji wa mzigo au mtu wa kujulishwa. Hapo anwani lazima iwe kama ilivyoandikwa katika barua. Jina la kampuni nalo halina msamaha popote.

UZITO AU MAROBOTA

Kasoro nyingi hupandwa siku ya kukubaliana bei, wiki kadhaa kabla ya mtu yeyote kuandika hati. Kipimo cha bidhaa ni mfano mzuri. Kifungu cha 30 kinaruhusu mzigo kuzidi au kupungua kwa asilimia 5, lakini ruhusa hiyo haipo kama barua imetaja idadi ya vifungashio. Mchambuaji wetu wa Bunda akiandikiwa tani 100, halafu mzani ukasoma tani 97, atalipwa thamani ya tani 97, dola 155,200, bila ugomvi. Akiandikiwa marobota 500 na barua ikakataza kusafirisha kwa mafungu, akipeleka marobota 490 amevunja sharti, hata kama yale kumi yaliloa mvua njiani na kuyaacha ulikuwa uamuzi wa busara.

Akizidisha je? Tani 103 zinakubalika kwa kipimo, lakini benki hailipi zaidi ya kiasi kilichotajwa. Dola 4,800 za tani tatu za juu atazidai mwenyewe kwa mnunuzi. Dawa yake ni kuomba neno “takriban” liandikwe mbele ya kipimo na mbele ya kiasi cha fedha pia. Kanuni hulitafsiri kuwa asilimia 10 juu au chini. Likiandikwa mbele ya kimoja tu, hicho kimoja ndicho kinachopata nafuu.

SIKU ZINAHESABIWA TOKA BANDARINI

Mkoa wa Mara una ziwa lakini hauna bahari, na hapo ndipo kalenda inapowaumiza wafanyabiashara wake kuliko wale wa Tanga au Dar es Salaam. Kutoka Musoma hadi Mwanza peke yake ni kilomita zipatazo 220, na kutoka hapo mzigo bado una safari ndefu hadi Dar es Salaam. Wengine hupitia Sirari kwenda Mombasa. Hati ya shehena hutolewa bandarini na wakala wa meli, kisha karatasi hiyo inatakiwa ikutane na cheti cha asili kutoka TCCIA, cheti cha afya ya mimea, ankara, orodha ya vifungashio na cheti cha uzito.

Barua ikiwa kimya, hati zote ziwe zimefika benki ndani ya siku 21 tangu mzigo upakiwe, na kabla barua haijaisha muda. Wanunuzi wengi hupunguza siku hizo kuwa kumi, na muuzaji aliyefurahishwa na bei husaini bila kuhesabu. Mzigo ukipakiwa Julai 30, siku ya mwisho ni Agosti 9. Agosti 8 ni Nane Nane na benki zimefungwa. Hati ya shehena iko Mombasa, cheti cha asili kiko Musoma, na dawati la biashara za nje la benki nyingi liko makao makuu Dar es Salaam.

Siku ya mwisho ya kuwasilisha hati ikiangukia siku ambayo benki imefungwa kwa kawaida, kanuni huisogeza hadi siku ya kazi inayofuata. Siku ya mwisho ya kupakia mzigo haisogei. Iwe Jumapili au sikukuu, ikipita imepita. Pia inafaa kutazama barua inaishia wapi. Kama inaishia kwenye kaunta ya benki ya mnunuzi huko ng’ambo, siku za kusafirisha bahasha zinatoka kwa muuzaji. Muuzaji aombe iishie Tanzania, na wakala wake wa bandarini apeleke hati za shehena Dar es Salaam moja kwa moja badala ya kuzirudisha kwanza ziwani.

Jina la bandari ni mtego mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 2008, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya yalivuruga usafiri wa barabara kati ya Mombasa na nchi za jirani. Muuzaji ambaye barua yake inataja Mombasa peke yake, naye akageuza malori kwenda Dar es Salaam, ameokoa mzigo na kuharibu hati. Wapo wanaodhani kifungu cha majanga, cha 36, kitawaokoa wakati kama huo. Kifungu hicho kinaihusu benki iliyolazimika kufunga milango; lori lililokwama Kisii halimo. Maneno “bandari yoyote ya Afrika Mashariki” katika barua hayamgharimu mnunuzi chochote, na hati ya shehena itataja ile iliyotumika kweli.

Kwa mtu wa bara, masharti ya mauziano yenyewe yanaweza kupunguza adha. Anayeuza kwa FOB anabeba hatari zote hadi mzigo upande melini. Anayeuza kwa FCA huikabidhi shehena kwa msafirishaji mahali palipokubaliwa, hata Musoma. Kasoro ya zamani ya FCA ilikuwa kwamba benki zilidai hati ya shehena yenye muhuri wa kupakiwa melini, nayo haikuwa mikononi mwa muuzaji. Toleo la Incoterms la mwaka 2020 limeruhusu pande mbili kukubaliana kwamba mnunuzi amwagize msafirishaji ampe muuzaji hati hiyo.

Siku zikipungua, mnunuzi husema kwa simu “usijali, leta tu”. Maneno hayo hayana thamani mbele ya benki. Mabadiliko ya barua hukamilika pale benki iliyoifungua, benki iliyoithibitisha kama ipo, na muuzaji mwenyewe wanapoyakubali.

SAINI ILIYOSHIKWA NA MNUNUZI

Sharti baya kuliko yote ni lile linaloonekana la kawaida: cheti cha ukaguzi kisainiwe na mwakilishi wa mnunuzi, na saini yake ilingane na ile iliyo benki. Bei ikipanda, mwakilishi hufika mapema na kalamu yake. Bei ikishuka, anaumwa, yuko safarini, au hakupata viza. Barua ya namna hiyo haina meno, kwa kuwa ufunguo wa malipo uko mfukoni mwa mdaiwa.

Wafanyabiashara wa pamba wanajua bei inavyoweza kugeuka. Machi 2011 pamba katika soko la New York ilivuka dola 2 kwa ratili. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa chini ya dola 1. Duniani kote wanunuzi waliofunga mikataba kwa bei ya juu walitafuta njia ya kutokea, na mashauri mengi yalifikishwa Liverpool mbele ya chama cha kimataifa cha pamba. Katika mwaka wa namna hiyo kila kasoro ndogo huwa mlango wa kutorokea. Badala ya mwakilishi wa mnunuzi, barua itaje kampuni huru ya ukaguzi kama SGS au Bureau Veritas, na gharama wagawane.

Viwanda vya minofu ya sangara vya Kanda ya Ziwa vina somo la aina nyingine. Mwishoni mwa Desemba 1997 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka nchi za ukanda huu kwa hofu ya kipindupindu, hadi katikati ya 1998. Aprili 1999 ikazuia tena, safari hii kutokana na habari za uvuvi wa sumu katika Ziwa Victoria, na Tanzania haikufunguliwa hadi mwanzoni mwa 2000. Barua ya muamana inayodai cheti cha afya cha kuingiza samaki Ulaya haiwezi kulipwa wakati cheti hicho hakina pa kutumika. Hakuna maneno ya kuongeza kwenye barua yanayoponya hilo. Kinga iko kwenye mkataba: barua ndogo ndogo za muda mfupi, sehemu ya fedha kulipwa kabla, na soko la pili lililokubaliwa mapema.

AHADI NI YA BENKI GANI

Ahadi haizidi nguvu za aliyeitoa. Baada ya sheria ya mabenki ya 1991 kufungua mlango, Meridien BIAO ilikuwa miongoni mwa benki za kwanza za kigeni kuingia Tanzania. Mwaka 1995 kundi hilo lilianguka na shughuli zake za hapa zikachukuliwa na Stanbic. Wakati huo biashara nyingi za nje zilikuwa bado zikipitia NBC, na wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba benki nayo hufa.

Ndiyo sababu ya kuomba barua ithibitishwe na benki nyingine. Benki inayothibitisha inaongeza ahadi yake juu ya ile ya kwanza, na inalipa hata kama ile ya ng’ambo imeshindwa. Benki inayoleta taarifa tu haijaahidi kulipa. Inathibitisha kwamba barua ni halisi. Tofauti hiyo huwapita wengi kwa kuwa jina la benki ya Dar es Salaam limeonekana kwenye karatasi. Barua iliyokuja kwa barua pepe ya mnunuzi, bila kupitia mtandao wa SWIFT hadi benki ya hapa, isipakiliwe hata robota moja.

UPANDE WA WAAGIZAJI

Mwagizaji wa Bunda anayenunua mashine ya kukamulia mafuta ya pamba hukutana na kanuni hizi kwa kinyume. Benki yake italipa hati zikiwa safi hata kama ndani ya kontena mna vyuma chakavu. Ulinzi wake ni kuchagua hati kabla ya kufungua barua: cheti cha kampuni huru ya ukaguzi, na kwa bidhaa zinazohusika, cheti cha ulinganifu chini ya utaratibu wa TBS wa kukagua bidhaa huko zitokako, ulioanza 2012. Mahakama inaweza kuzuia malipo kwa udanganyifu wa wazi, kama ilivyokubaliwa New York mwaka 1941 katika kesi ya nywele za brashi ambazo mnunuzi alisema zilibadilishwa kwa takataka, lakini hiyo ni njia ya gharama na ushahidi lazima uwepo kabla ya benki kulipa. Mwagizaji akumbuke pia kwamba ameahidi dola huku akiuza kwa shilingi, na siku ya kulipa si siku ya kufungua.

HATI ZIKIKATALIWA

Kukataliwa mara ya kwanza si mwisho. Benki ina siku tano za kazi, kuanzia siku inayofuata ile ya kupokea hati, kuzichunguza na kusema. Ikikataa, kifungu cha 16 kinaitaka itoe taarifa moja tu inayotaja kasoro zote. Muuzaji akiwa bado na siku, anasahihisha na kuwasilisha upya. Ndiyo faida ya kuleta hati mapema. Siku zikiwa zimekwisha, benki inaweza kumwuliza mnunuzi kama anasamehe kasoro, na hapo ndipo ombi la punguzo la bei hufika kutoka ng’ambo, mara nyingi likiwa limeandikwa kwa adabu sana.

Kabla ya kukubali punguzo, muuzaji atazame tarehe. Nakala ya barua ya kuwasilishia hati, yenye muhuri wa benki na siku iliyopokelewa, ihifadhiwe kama fedha taslimu. Benki yenye wajibu wa kulipa ikinyamaza hadi siku ya sita ya kazi, au ikileta taarifa ya pili yenye kasoro mpya zisizokuwa kwenye ile ya kwanza, imekwisha kupoteza haki ya kukataa kwa kasoro hizo, na inatakiwa kulipa.